Munywani wa Abdulrahim

Kwenye harusi za Mabira wapishi walishazoea kumwekea Polikarpi sahani yake pembeni. Sinia la kitimoto likianza kuzunguka, vijana walimpigia kelele ili meza nzima isikie: "Shehe, hilo lipishe, lako linakuja!" Watu wakicheka, naye alicheka nao, kisha akala ndizi na maharage yake taratibu, kama mtu ambaye jambo hilo lilishakwisha zamani na halihitaji maelezo. Hakuwa shehe. Alibatizwa akiwa bado wa kubebwa, na Jumapili hakukosa misa isipokuwa mguu umemkatalia. Lakini nyama ya nguruwe hakuwa ameionja tangu ujana wake, wala aliyemkataza hakuwa daktari. Ulikuwa mwiko wa ndugu yake, na mwiko wa ndugu yake ulikuwa wake.

Ndugu huyo aliitwa Abdulrahim, mwenye duka na ghala la kahawa pale senta. Hawakuzaliwa na baba mmoja wala mama mmoja. Babu wa Abdulrahim alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja na misafara ya nguo na pembe, akaoa Karagwe na hakurudi tena pwani. Baba wa Polikarpi alikuwa Mrundi aliyekuja kutafuta kibarua cha kulima, akafia kwenye kibanda alichoazimwa na mwenye shamba. Abdulrahim alikuwa na watu nyuma yake. Polikarpi hakuwa na mtu, na katika nchi ile salamu ikiisha tu mtu huulizwa ukoo wake. Yeye alitaja jina la baba yake, kisha muulizaji akabaki anamtazama, akisubiri kingine ambacho hakikuja.

Walikutana mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ilipokuwa kitu cha kufichwa chini ya kitanda. Abdulrahim alivusha kahawa kwenda Uganda na kurudi na chumvi, sabuni na vitenge, na Polikarpi alikuwa mmoja wa wapagazi wake. Katika safari mojawapo homa ilimwangusha Polikarpi kwenye mafunjo, karibu na mto. Wenzake walisema aachwe hapohapo. Mgambo walikuwa nyuma, na mtu anayeweweseka kwa sauti angewaponza wote. Abdulrahim hakubishana nao. Alitua gunia lake majini, akamtia Polikarpi mgongoni, akatembea naye. Gunia halikuonekana tena.

Alipopona, Abdulrahim ndiye aliyesema, "Tunywane, tuwe ndugu wa damu."

Walitafuta mzee mmoja wa Kinyambo, mwenyeji wa Karagwe, aliyeyajua maneno ya kiapo. Mzee alipasua tunda moja la kahawa, akatoa punje zake mbili zilizolala tumbo kwa tumbo. Akawachanja karibu na kitovu, kila mmoja akapaka punje yake damu yake, akaiweka kiganjani, na mwenzake akainyanyua kwa midomo na kuimeza. Mzee alisema maneno, nao wakayarudia. Nikikukimbilia, usinifungie mlango. Ukikosa, nitalipa pamoja nawe. Akutafutaye kwa ubaya asiuone uso wangu upande wake. Atakayevunja, tumbo lake livimbe mpaka limpasue. Tangu siku hiyo hawakuitana kwa majina. Kila mmoja alimwita mwenzake munywani, na watoto wa Abdulrahim wakafundishwa kumwita Polikarpi baba mdogo.

Polikarpi aliuchukua mwiko wa nguruwe. Abdulrahim naye aliuchukua mwiko wa baba yake Polikarpi, ambao ni kale kandege kembamba kanakotikisa mkia uani, ambako Warundi hukaita inyamanza. Mtoto yeyote aliyekarushia jiwe mbele ya duka la Abdulrahim alipata kibao, hata kama ni mtoto wa mteja.

Polikarpi aliishia darasa la nne. Mengi aliyoyajua kuhusu zamani aliyapata kwa Abdulrahim, walipokuwa wakipumzisha mizigo. Abdulrahim alipenda kusimulia jinsi wafalme wa ukoo wa Ruhinda walivyoishi Bweranyange, na jinsi ngoma ya mfalme ilivyokuwa ndiyo nchi yenyewe, kiasi kwamba mwezi mpya ulipoandama ngoma zilipigwa ili watu wajue kwamba enzi bado inapumua. Chini ya mfalme kulikuwa na wakubwa wa vilima, na kila mkubwa alitaka chake kwa anayepita. Barabarani walipita watu wa majembe, maana wahunzi wa Karagwe walisifika mbali, na watu wa chumvi kutoka kwenye maziwa ya kaskazini, na wenye ngozi, na wenye kahawa ya kutafuna.

"Sasa fikiria," Abdulrahim alikuwa akisema, "amri ya mfalme inafika pale ngoma yake inaposikika. Ng'ambo ya hapo wewe ni mbuzi aliyepotea. Anayekukuta ndiye mwenyewe. Utauzaje jembe lako Nkore? Utalalaje Burundi?"

"Kwa munywani," Polikarpi alijibu, ingawa alishayasikia yote.

"Kwa munywani! Yeye ndiye hati yako, ndiye askari wako, ndiye hakimu wako. Na kule kwetu pwani, enzi za miji ile ya mawe, ilikuwa vilevile. Mgeni akishuka na mali yake anapokewa na mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemjibia kwa lolote. Ndiyo maana babu yangu alipofika Kafuro, kituo cha misafara huku Karagwe, na kuambiwa ameze punje yenye damu ya mtu, hakushangaa sana. Kwao walifanya kwa maneno, huku mnafanya kwa tumbo."

"Na dini yake je?"

"Dini alikuwa ameiacha Pangani, angeipitia akirudi," Abdulrahim alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Polikarpi aliwahi kumwambia padri habari ile kwenye maungamo. Padri alimpa rozari ya kusali na kumwonya asirudie. Alisali yote, lakini punje ilikuwa imeshamezwa.

Miaka ilikwenda. Abdulrahim aliacha magendo, akafungua duka. Polikarpi alinunua kibanja kidogo juu kidogo ya barabara ya changarawe, akamwoa Costansia, wakapata Liliane na wengine. Halafu ukaja mwaka wa operesheni ya kuondoa wahamiaji, na watu ambao hawakuwahi kufikiria karatasi wakaanza kuulizwa karatasi. Polikarpi alizaliwa upande huu wa mpaka, lakini hakuwa na cha kuonyesha zaidi ya cheti cha ubatizo kilicholiwa na mchwa. Alishafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti pale Abdulrahim aliposimama mbele ya wakubwa waliokuwa wakiandikisha watu. Hakuleta hoja nyingi. Alisema, "Huyu ni wangu. Mkimpeleka, andikeni na mimi." Wenyeji wengine waliokuwapo, ambao siku zote walimcheka Polikarpi kwa ushehe wake, wakasema kweli, hao wawili wamenywana, kila mtu anajua. Alibaki. Baadaye, taratibu, karatasi nazo zikapatikana.

Ndiyo sababu, Uwimbabazi alipokuja kumwomba akaseme mbele ya baraza la kata, Polikarpi alihisi kama mtu aliyevutwa na kamba mbili.

Uwimbabazi alikuwa mjane wa Nshimiyimana, jirani yake wa upande wa chini. Kibanja chake kilikuwa katikati: juu yake kulikuwa na cha Polikarpi, na chini yake, kugusa barabara, eneo la Abdulrahim. Nshimiyimana aliponunua shamba hilo, Polikarpi ndiye aliyemsaidia kupanda miramura, mimea ile yenye majani marefu ambayo huku hupandwa mpakani ili ugomvi usizaliwe. Abdulrahim, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa mazima, alipita akaiona, akasema iko sawa. Kisha Nshimiyimana akafariki. Uwimbabazi akaenda kumuuguza mama yake Kiruruma, na aliporudi aliikuta miramura imepanda mlima. Mibuni ya mume wake iliyokuwa ndani ya mpaka sasa ilikuwa nje yake, na Hanifu, mtoto mkubwa wa Abdulrahim, alikuwa ameshamwaga mawe ya kujengea ghala jipya.

Polikarpi alikuwa ameona. Asubuhi moja alipita na kukuta udongo mbichi kwenye mashina, akasimama kidogo, halafu akaendelea na safari yake. Alijiambia si lake.

"Shikamoo, mzee," Uwimbabazi alisema siku ile, akabaki amesimama mlangoni ingawa aliwekewa kigoda. "Sikuja na maneno mengi. Aliyepanda mpaka ule na marehemu ni wewe. Baraza litakaa wiki ijayo. Naomba useme mlipanda wapi."

"Nimesikia, mama."

"Utasema?"

"Nimesikia," alirudia. Uwimbabazi akaaga.

Kesho yake alikuja Hanifu kwa pikipiki. Alizima injini lakini hakushuka.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Shuka upumzike, mama yako ameinjika ndizi."

"Sikai. Nimepita kukujulia hali tu. Nasikia yule mama anakutajataja."

"Mama yupi?"

"Wewe nawe, baba mdogo! Kuna mama mwingine hapa mwenye kesi na sisi?" Hanifu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwaka ule wa operesheni, aliyempakia mzee kwenye pikipiki kwenda kukusemea ni mimi. Nilisikia alichosema. Hakusema wewe ni mtu mzuri. Hakusema unalima vizuri. Alisema ni wake. Basi nauliza tu, mtoto kwa mzazi: mtu akiwa wako, ni wako siku zote au siku za shida zake tu?"

Hanifu aliwasha pikipiki, akaaga kwa heshima zote.

Siku chache baadaye alikuja Najat, binti wa Hanifu anayekaa dukani. "Babu anakuita," alisema. "Anasema uje peke yako."

"Kuna nini?"

"Hakuniambia. Amesema peke yako."

Polikarpi alisema atakuja, lakini hakwenda. Aliujua wito ule ulikuwa wa nini, au aliamini anaujua. Munywani wake angemkalisha chini, angemshika mkono na kumkumbusha maneno ya mzee wa Kinyambo, naye angeitika, kwa sababu asingeweza kukataa akiwa ameshikwa mkono ule. Najat alirudi mara ya pili. Polikarpi alisema mguu unamsumbua. Akaja mara ya tatu, na safari hiyo Polikarpi alimwona tangu mbali, akaingia migombani na kukaa huko mpaka binti alipoondoka.

"Umejificha," Costansia alimwambia. Alikuwa anamenya ndizi, na kisu chake hakikusimama. "Mzee mzima unajificha kwa mtoto wa kike aliyekuja mikono mitupu."

"Sikujificha. Nilikuwa naangalia migomba."

"Na imesemaje?"

Polikarpi akakaa karibu naye, akachukua ndizi moja na kuishika tu.

"Baba Liliane," Costansia alisema kwa sauti ya chini, "Uwimbabazi ni wa jumuiya yangu. Kila wiki tunasali nyumba kwa nyumba. Wiki hii ni kwangu. Atakaa pale, nitakaa hapa, tutasema utusamehe makosa yetu, na kosa lenyewe limekaa kati yetu linakula karanga."

"Na Abdulrahim je? Ningekuwa wapi leo?"

"Najua."

"Nikisimama kinyume chake, ule mukago, kile kiapo chetu..."

"Tumbo livimbe," Costansia alimalizia. "Mlimeza kahawa miaka arobaini iliyopita, mume wangu. Ilishatoka."

Alitaka mumewe acheke, na siku nyingine angecheka. Lakini usoni mwake kulikuwa na hofu ambayo Costansia hakuwa ameiona tangu siku ya ule mfuko wa salfeti, akaacha utani. Alijua kwamba kuvimba tumbo kulikuwa sehemu ndogo tu ya hofu ile. Mtu asiye na ukoo alipewa ukoo, na sasa alikuwa anaombwa aurudishe.

Wazo lilimjia Polikarpi akiwa anapalilia. Nikikosa nawe utalipa, ukikosa nami nitalipa. Kama kosa la ndugu ni lake, basi na deni ni lake. Hakuwa na haja ya kusema miramura ilikuwa wapi. Angelipa tu. Kibanja chake kilipakana na cha Uwimbabazi kwa juu. Kilichochukuliwa chini angekirudisha kutoka juu, mpaka wa juu wa mjane nao upande kama ulivyopandishwa ule wa chini. Hivyo ndivyo wangefanya watu wa majembe na chumvi. Alilitazama wazo hilo kila upande akaona halina ufa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikula akashiba. Hakumwambia Costansia.

Baraza lilikaa katika ofisi ya kata, madirisha yakiwa wazi na watu wa nje wakisikiliza huku wameegemea viwiko. Mwenyekiti alikuwa Rwegoshora, mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya upole. Alianza kwa kueleza kwamba wao si mahakama. Kazi yao ni kupatanisha, na wakishindwa wenye shauri watakwenda baraza la wilaya. Abdulrahim aliletwa na Najat, akaketi mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Aligeuza uso huku na huku, akiwasikiliza watu wanavyokaa.

Uwimbabazi alieleza. Hanifu alieleza. Alisema miramura iko pale ilipokuwa siku zote, na kwamba mjane hakuwapo ilipopandwa, alikuwa bado hajaolewa. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

"Polikarpi Mbonimpa," Rwegoshora aliita. "Wewe unatajwa na mama huyu. Tusaidie."

Polikarpi alisimama na kofia mkononi. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi na mzee Abdulrahim tumenywana. Mnajua wote. Siwezi kusimama na kumsema. Lakini mtu akinywana na mwenzake, deni la mwenzake ni lake. Kama mama huyu anadai ardhi, basi nitampa mimi. Kibanja changu kinapakana na chake. Napandisha mpaka wangu kwa kadiri anayosema imepotea. Atakuwa na shamba lilelile kwa ukubwa, na shauri liishe."

Minong'ono ikapita madirishani. Costansia, aliyekuwa amesimama nje, alishika mdomo; kipande kile cha kupakana na mjane ndicho kilichokuwa kimeahidiwa kwa mdogo wa Liliane. Hanifu aliinamisha kichwa, na aliyekuwa karibu naye angeona kwamba anatabasamu. Mmoja wa wajumbe alisema, "Hiyo nayo ni suluhu." Rwegoshora alifikicha paji la uso, akamgeukia Uwimbabazi.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Uwimbabazi alisimama. "Mzee Polikarpi, shamba lako sikuliomba. Una watoto, walime. Mimi wameniita mwongo. Pale sokoni wananiambia nimefiwa na mume sasa natafuta cha kuiba. Ukinipa ardhi yako nitakuwa mwongo mwenye shamba. Nilikuomba useme. Basi."

Akakaa.

Wazo ambalo kule shambani halikuwa na ufa, Polikarpi aliliona sasa limepasuka katikati. Sheria ile ya zamani ilijua kulipa ng'ombe kwa ng'ombe na jembe kwa jembe. Jina la mtu halikuwa kitu alichoweza kumkatia kutoka kwenye kibanja chake. Alimtazama Abdulrahim, ambaye alikuwa amemgeuzia uso wake usioona.

"Tulipanda," alisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, "mimi na Nshimiyimana, chini ya mibuni. Mibuni yote ilikuwa ndani. Shina la mwisho tulilipanda kando ya jiwe lile jeupe lililo karibu na mtaro wa maji. Jiwe bado lipo. Miramura imehamishwa. Niliona udongo ukiwa mbichi, na sikumwambia mtu."

"Mwongo!" Hanifu aliruka. "Baba mdogo, Mungu anakuona!"

"Kaa," Abdulrahim alisema.

Hanifu alikaa. Mzee aliegemea fimbo yake, akainuka kwa shida, Najat akimshika kiwiko.

"Mwenyekiti, naomba kumuuliza huyu mtu neno moja." Hakusubiri ruhusa. "Polikarpi. Nilikuita mara ngapi?"

Lilikuwa jina lake tu, na kila mtu alilitumia. Lakini kinywani mwa Abdulrahim halikuwa limesikika tangu wakiwa vijana.

"Mara tatu," Polikarpi alijibu.

"Nilikuitia nini?"

Polikarpi aliizungusha kofia mikononi.

"Aa, sema. Ulidhani nakuitia nini?"

"Nilidhani unataka ninyamaze."

Abdulrahim alitikisa kichwa polepole. "Mimi sioni. Naambiwa mpaka uko palepale, na sina macho ya kwenda kuangalia. Nani ningemtuma? Wote mle ndani wanakula kwa Hanifu. Nikasema, nina macho yangu mengine kule juu. Atakuja, atanishika mkono, tutashuka wawili mpaka kwenye miramura, ataniambia. Kama mwanangu ameiba, tutairudisha sisi kabla ya baraza, bila kelele. Ndiyo maana nikasema uje peke yako." Alivuta pumzi. "Ukajificha migombani. Mjukuu wangu alikuona, ila akaona aibu kukuambia. Miaka yote hii, Polikarpi, ulidhani ulimeza punje ya mtu wa namna gani?"

Hata wale wa madirishani walitazama chini.

"Hanifu," mzee akasema, "uliniambia iko palepale."

"Baba..."

"Irudishe. Na mawe yako uyaondoe." Akageukia mahali alipodhani Uwimbabazi ameketi, akakosea kidogo, akawa anasema na ukuta. "Mama, nisamehe. Hukusema uongo."

Rwegoshora aliandika kwamba wahusika wamepatana, na kwamba shahidi atakwenda kuonyesha mahali. Nje watu walimpa Uwimbabazi mikono. Yeye alipompita Polikarpi alisimama, akasema, "Asante, mzee," na ilikuwa asante ya kweli, lakini fupi, kisha akaenda zake na wanawake wa jumuiya. Costansia alimngoja mumewe mpaka watu wakapungua. Hakusema lolote kuhusu kile kipande. Waliongozana, mke mbele, kama wanavyotembea watu wanaotoka kuzika.

Siku ya kupanda, Hanifu alileta miche mipya ya miramura kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeng'olewa vibaya. Alichimba kwa hasira, kwa mapigo mazito mafupi, bila kuinua macho. Polikarpi alimtangulia akiweka alama kwa kijiti, kuanzia kwenye jiwe jeupe. Uwimbabazi alikuwa juu, anachuma kahawa, akiwatazama mara mojamoja.

Najat alimleta babu yake na kiti cha plastiki, akamketisha kando ya barabara. Mzee alisikiliza majembe. Polikarpi alifuta mikono kwenye suruali, akamsogelea.

"Shikamoo, munywani."

"Marahaba," Abdulrahim alisema, kama anavyomjibu mpita njia yeyote.

Polikarpi alibaki amesimama. Alitamani kumwambia kwamba hakulala vizuri tangu siku ile, kwamba kila asubuhi alijishika tumbo, lakini halikuvimba, na kwamba kutovimba kwake kulimtisha zaidi. Alitamani kumwambia kuwa aliogopa kupoteza kitu, na kwa kukiogopea ndiyo akakipoteza. Badala yake akasema, "Tumefika kwenye kona. Tulikunja hapa, au palikuwa mbele kidogo? Wewe uliiona ile siku."

Kandege kamoja kalishuka kwenye udongo mpya, kakatembea kakitikisa mkia, hakuna aliyekafukuza.

"Hanifu," Abdulrahim aliita. "Mwambie apande anapopajua."

Hanifu alisimamisha jembe. Alimtazama baba yake, kisha Polikarpi, na hasira yake ikawa haijui iende wapi. "Baba mdogo," alisema, "mzee anasema..."

"Nimemsikia," Polikarpi alisema.

Alirudi kwenye mstari, akapiga magoti na kuweka mche shimoni, akaushindilia udongo kwa ngumi pande zote. Akasimama, akarudi nyuma kuangalia kama umenyooka na wenzake. Haukuwa umenyooka. Akaung'oa, akauanza upya.